Kibali cha Kuonjesha Busaa

Shangazi yangu alipata kazi ya kukaa. Nilimwonea wivu, kwa sababu mimi nilikuwa nimekaa bure nyumbani kwake Tuwan, mtaa wa Kitale, tangu nimalize kidato cha nne, na kwa kukaa nilikuwa na ujuzi kumshinda.

Kiwanda kimoja kidogo cha mvinyo wa matunda pale Kitale kilikuwa kimefungua chumba cha makumbusho ya pombe. Vyungu na mirija ya busaa, pombe ya nafaka ya kienyeji, vilitoka kwao shangazi, Sirisia, na yeye mwenyewe akawekwa katikati akae akikoroga pombe, wageni wakitazama. Walimpiga picha bila salamu.

"Mimi ni kama ule chui wamekausha kule makumbusho ya serikali," aliniambia, "ila chui hapewi mshahara."

Leseni ya kutengeneza pombe kiwanda kilikuwa nayo, lakini kuonjesha wageni mle ndani kulitaka kibali kingine. Halmashauri ya leseni ikaandika kwamba inakuja kukagua, na kwamba mtu yeyote asionje hata tone kabla kibali hakijatiwa sahihi. Mwenye kiwanda akanipa barua hiyo ya Kiingereza nimweleze shangazi. Niliisoma kitandani. Nikamwambia wakubwa wanakuja Alhamisi, avae kitenge kizuri. Mengine niliona ni kumchosha.

Alhamisi nilikwenda kutazama, safari yangu ndefu kuliko zote mwezi ule. Walikuja wanne, mkubwa wao mzee wa kanisa. Shangazi akawakaribisha, na kama mpishi yeyote wa busaa kwao, akashika mrija akavuta wa kwanza.

"Mama, umekunywa?" mkubwa akauliza.

"Nimeonja, mkubwa. Nisipoonja si utasema nimekuwekea sumu?"

"Na kibali?"

"Si ndiyo mmeleta?"

Mkubwa akatabasamu. "Rudia basi, mama. Huyu wa kuandika hakuona vizuri."

Akarudia, tena kwa madaha, akapangusa midomo kwa kitenge. Yule wa kuandika akaandika. Wote wakacheka, na mimi nikacheka nao. Sikutaka nionekane nimetoka naye nyumba moja.

Kiwanda kilinyimwa kibali. Mwenye kiwanda akaambiwa aombe tena, aeleze kwanza amemchukulia hatua gani yule mama. Kwa kuwa nina mwandiko mzuri, barua nikapewa mimi niiandike. Niliiandikia kwenye meza ya shangazi, yeye akisonga ugali, mpaka akaniuliza inasema nini. Safari hii nilimweleza yote: kwamba ameachishwa kazi kwa utovu wa nidhamu, vyungu vinabaki, na mahali pake atawekwa mtu wa kuaminika.

"Nani huyo?"

Nikamwambia ni mimi.

Aliipua ugali, akajikatia wake, akala polepole bila kuniangalia. Alipomaliza akanisukumia sufuria nijipakulie mwenyewe, jambo ambalo hakuwahi kunifanyia tangu nihamie kwake. Na mimi, bana, nilikuwa na njaa. Nikala.