Habari za Mshtarii, Chini ya Dirisha

Mwaka niliorudi nyumbani Nyamira ndio mwaka ambao mwavuli wa kile chombo ulikataa kufunguka. Ilikuwa 1991. Chombo kilikuwa angani tangu miaka miwili nyuma, bila mtu ndani, kikielekea Mshtarii, sayari kubwa kuliko zote. Kilitegemea antena iliyokunjwa kama mwavuli ili kitutumie picha. Wahandisi wakaiamuru ifunguke, mbavu chache zikakwama. Wakakigeuza kielekee jua kipate joto, wakakirudisha kivulini kipoe, wakaichezesha mota mara maelfu. Wapi! Ikabaki antena ndogo tu, iliyotuma habari polepole mno, kama mtu anayekusomea gazeti herufi moja moja.

Mimi nililielewa tatizo hilo siku ile ile nilipolisoma. Nina diploma ya elektroniki na mawasiliano, na niliipata Uingereza kwa jasho langu mwenyewe. Nimeosha mabasi alfajiri, nimebeba masanduku ya samaki kwenye baridi inayokata vidole, kisha jioni nikaingia darasani. Hakuna harambee iliyofanywa kwa jina langu. Katika kilima chetu kuna waliochangiwa na ukoo mzima, wakarudi na koti na lafudhi. Mimi nilirudi na cheti, sanduku la vifaa vya kupimia umeme, na redio ya masafa mafupi iliyoshika dunia nzima. Nilifungua karakana mjini Kisii, na kabla ya mwaka kuisha redio zilizowashinda mafundi wa Marani, Keroka na hata Sotik zililetwa kwangu. Nyumba niliyoijenga Nyamira, juu kidogo ya ile ya wazazi, ilikuwa ya kwanza kilimani kwetu kuwa na kuta za matofali ya kuchoma na sakafu ya saruji nyekundu.

Sebuleni, ukuta mzima ulio mkabala na mlango, nilichora safari ya chombo kwa rangi ya mafuta. Jua lilikuwa la manjano, dunia ya buluu, na njia yenyewe mstari mweupe uliopita karibu na Zuhura, ukarudi kwetu, ukazunguka, ukarudi tena, ndipo ukafyatuka kwenda mbali. Kila mwezi nilisogeza alama nyekundu kulingana na nilivyosikia redioni na kusoma katika majarida ya kizungu niliyoagiza. Walimu wa sekondari walileta wanafunzi waje kuona. Padri alikuja. Chifu alikuja, akasimama na mikono nyuma, akasema, "Kumbe tuna mtu hapa."

Aliyebaki ni baba peke yake.

Kwetu Gusii, baba haingii katika nyumba ya mwanawe aliyeoa. Ni chinsoni, zile haya za heshima kati ya mzazi na mtoto, na kati ya mzee na mke wa mwanawe. Nilizijua tangu utotoni. Lakini nilikuwa nimekaa Ulaya miaka kumi na mmoja, na moyoni niliziona kama mambo ya watu ambao hawajatoka. Nilitaka kitu kimoja tu: mzee huyo aliyewahi kuniambia kwamba sitafika popote asimame sebuleni kwangu, autazame ukuta ule, na aseme neno.

Badala yake alikuja dirishani. Kila Jumamosi, baada ya kanisa la Sabato, alipanda akiwa bado na koti lake jeusi, amebeba kigoda, akaketi nje chini ya dirisha la sebule. Mimi niliweka redio kwenye kizingiti cha dirisha. Mke wangu alimpelekea chai, akaiweka juu ya jiwe, akarudi nyuma bila kumtazama. Ndipo mzee akauliza, "Kile chombo kimefika wapi?"

Nilimwambia. Nilipomweleza kwamba Desemba ya mwaka uliofuata kingepita tena karibu na dunia ili kipate kasi, alicheka mpaka akakohoa.

"Tena? Ni kama mtu aliyesahau kofia nyumbani."

"Si kusahau, tata. Dunia inakivuta halafu inakirusha."

"Na kikishafika, kitarudi lini?"

"Hakirudi. Kimetumwa kwenda tu."

Alikunywa chai. Kisha akasema, bila kuniangalia, "Na mdomo wake mkubwa si umevunjika?"

"Antena kubwa imekwama. Kinatumia ndogo."

"Basi kiko huko mbali kuliko Ulaya, mdomo umevunjika, na bado kinatuma salamu. Wewe mdomo wako ulivunjwa na nani?"

Nilikasirika. Katika miaka kumi na mmoja niliandika barua nne, nazijua zote. Lakini mtu anayeosha mabasi ataandika nini? Nilitaka kuandika nikiwa na cheti mkononi. Sikumwambia hivyo. Nilimwambia betri inaisha, nikazima redio.

Hata hivyo alirudi Jumamosi iliyofuata, na nyingine, miaka minne. Mara moja nilikwenda Tabaka nikamwagiza mchonga mawe anichongee Mshtarii kwa jiwe la sabuni, kwa sababu jiwe la kule lina mistari ya waridi na maziwa, sawasawa na sayari yenyewe. Nilimpa baba kupitia dirishani. Akalipima mkononi.

"Mtu mwenye diploma amekwenda Tabaka kununua mpira usiodunda," alisema. Lakini aliliweka mapajani mpaka jua lilipoinama.

Mimi sikuyahesabu hayo. Nilihesabu hatua sita kutoka kigoda chake hadi mlango wangu, hatua ambazo hakuzipiga.

Chombo kilifika Desemba 1995, usiku wa kuamkia Ijumaa. Kipindi cha sayansi cha redio ya ng'ambo kilikuwa Jumamosi alasiri, na kilikuwa kimeahidi kueleza yote: jinsi chombo kilivyoingia katika mzunguko, na jinsi kile kidogo kilichoachiliwa kutoka tumboni mwake kilivyotumbukia katika mawingu ya Mshtarii na kutuma habari kwa muda wa saa moja hivi kabla ya kupondwa na joto na uzito. Nilialika wageni wawili kutoka mjini, watu niliowaheshimu. Mmoja alikuwa mwenye duka wa Kihindi aliyeniuzia vipuri tangu siku ya kwanza. Wa pili alikuwa karani wa simu, Mjaluo mcheshi kutoka upande wa ziwa. Nilivaa tai. Wakaketi wakiutazama ukuta, na mwenye duka akafuata mstari mweupe kwa kidole toka mwanzo hadi mwisho, akasema, "Fundi, hii kazi ya profesa."

Baba alifika na kigoda chake. Mawingu yalikuwa tayari meusi upande wa Manga.

"Chombo kimefika?" aliuliza kutoka nje.

"Kimefika, tata. Kipindi kinaanza sasa hivi."

Mvua ikaanza. Akasimama, akajibana ukutani chini ya ukingo wa mabati. Karani wa simu akachungulia akacheka. "Fundi, wewe ni mkubwa kweli. Hata askari wa mlango unaye!"

"Ni baba yangu."

"Baba yako? Pole sana, mzee wangu!" Aliomba radhi kwa dhati. Na mwenye duka, ambaye nyumbani kwake wazee ndio hupewa kiti cha kwanza, akaniangalia kwa mshangao. "Baba yako anasimama nje na mvua? Mlete ndani, bwana."

Ningeweza kuwaeleza kwa sentensi moja. Wangeelewa, kila kabila lina yake. Lakini niliona jinsi sentensi hiyo ingesikika chini ya ukuta ule, mbele ya cheti changu kilichotundikwa: kwamba mimi, niliyejua kwa nini mbavu za antena zilikwama, baba yangu hawezi kuvuka kizingiti changu. Nilitoka nje. Mvua ya mawe ilikuwa imeanza.

"Tata, ingia."

"Niko sawa hapa."

"Wageni wanakutazama. Ingia."

"Wageni ni wako. Ongeza sauti tu."

Nilimshika mkono juu ya kiwiko. Alikuwa mwepesi kuliko nilivyodhani. Sikumburuta, hapana, lakini sikumwachia pia, na alipoona wageni wamesimama kumpokea hakutaka kupigana na mwanawe mbele ya watu. Akavuka.

Alisimama juu ya sakafu yangu nyekundu, kofia mikononi, maji yakimchuruzika, macho yameinamia viatu vyake. Wakati huo huo mke wangu akatoka jikoni na sinia la vikombe. Alipomwona, aliguta kidogo, akageuza uso ukutani, na vikombe vikateleza vyote. Hakuna aliyeviokota. Mvua ya mawe ikapiga mabati kwa nguvu hata redio ikawa kitu kinachowaka taa bila kusema. Niliona mdomo wa mwenye duka ukisogea, sikumsikia.

Baba alinikaribia sikioni. "Umenivua nguo," alisema. Kisha akatoka, pole pole, bila kukimbia mawe, akashuka kwake kupitia shamba la majani chai. Ukuta hakuuona. Nina hakika, kwa sababu nilikuwa namtazama macho muda wote.

Mvua ilipotulia kipindi kilikuwa kimekwisha. Walikuwa wakisoma habari za mpira. "Nimekosea, fundi?" mwenye duka aliuliza. Nikamwambia hapana, ni uzee tu.

Mwezi uliofuata wazee waliniita uani kwa baba. Mbuzi alikuwa amefungwa kando. Niliambiwa niseme mbele yao kwamba nilikosa. Nilijiandaa vizuri, nikasimama, nikasema kwa Kiswahili fasaha, kile cha ofisini, kwamba endapo kitendo changu kilimletea mzazi usumbufu wowote, ninasikitika. Kiswahili ni lugha nzuri ya kujificha.

Baba aliwageukia wenzake. "Mgeni huyu anasema nini?"

Wengine walicheka. Baba mkubwa, kaka yake, hakucheka. Aliniambia nikae, akazungumza kwa Ekegusii, taratibu.

"Unafikiri alikataa kuja kwako. Hata pale dirishani hakupaswa kukaa. Kunywa chai ya mkaza mwana Jumamosi baada ya Jumamosi, akisikia sauti yake jikoni, ni tabia gani ya mzee? Tulimwonya mara mbili, mimi na hawa. Unajua alitujibu nini? Alisema, 'Mtoto wangu alikaa nje miaka mingi. Mniache na mimi nikae nje kidogo.'"

Nilimtazama baba. Alikuwa anakwaruza matope kwenye fimbo yake kwa kucha.

Nikasimama mara ya pili na kusema kwa Ekegusii. Ni maneno mafupi katika lugha yetu, mtoto wa darasa la pili anayaweza. Yalinichukua muda mrefu kuliko mtihani wowote niliowahi kufanya.

"Nimesikia," baba alisema.

Mbuzi akachinjwa, akaliwa, mambo yakaisha kama yanavyotakiwa kuisha. Alinisamehe, wala sina shaka juu ya hilo. Mwaka huo picha zilianza kufika kutoka Mshtarii, moja moja, kwa ile antena ndogo: mwezi wake mmoja wa volkano, mwingine wa barafu iliyopasukapasuka kama gaga la mguu. Nilizikata majaridani na kuziweka tayari. Jumamosi nilifungua dirisha, nikaweka redio kizingitini.

Baba alipita njia ya chini akitoka kanisani, bila kigoda, kwa umbali ule ambao desturi inauruhusu na nusu yake zaidi. Alisimama. Akanisalimu kwa heshima zote, akauliza habari za watoto, akauliza ng'ombe. Nilimjibu na kusubiri, nikiwa na picha mkononi nyuma ya dirisha. Aliuliza kama mbolea imefika Kisii. Nilimwambia bado. Akanishukuru, akashuka.