Kimya Nilichokivunja

Nakumbuka Jumamosi moja hapa Eldoret, mwanangu, siku ambayo mdomo wangu ulimponza mwanamke niliyemheshimu kuliko walimu wangu wote.

Wakati huo nilikuwa karani mchana, na jioni msanii wa vichekesho. Usinicheke. Watu walitoka Turbo na Ziwa kuja kuniona nikipepesuka jukwaani kama mlevi, na nikikosa makofi nilikosa usingizi. Kisha akaja Mwalimu Nekesa, mwelekezi mpya wa kundi letu la maigizo, aliyefanya michezo kwa namna ambayo hatukuwa tumewahi kuiona. Alitupunguzia mapambo, akatunyang'anya maneno. Mimi, nyota wa mji, akanipa kazi ya kuketi nikipukuchua mahindi dakika kumi nzima bila neno, nikiigiza baba anayemngoja mwana ambaye harudi.

Mazoezini nilinung'unika. "Madam, watu watalala."

Akacheka. "Wewe pukuchua tu, Ouma. Hao si watoto."

Enzi hizo hakuna mchezo uliochezwa bila kibali cha serikali, na kila neno lilisomwa kwanza na afisa. Siku ya onyesho afisa huyo aliketi mstari wa mbele. Nikapukuchua. Ukumbi ukanyamaza hadi nikasikia punje zikianguka kwenye karai. Nikaogopa, nikadhani nimewachosha. Basi nikachomekea mzaha wangu wa zamani kuhusu chifu na kitambi chake, ambao haukuwa kwenye karatasi za afisa. Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Afisa akainuka, akatoka.

Jumatatu tukaitwa ofisini kwake. Kabla sijafungua mdomo, Mwalimu akasema, "Hayo maneno ni yangu. Mimi ndio nilimwambia aseme." Akanyang'anywa kibali, na mchezo ule haukuchezwa tena. Mimi nilirudi kazini salama. Mpaka leo sijaona ujasiri kama ule.

Nje nilimwomba msamaha. Hakufoka.

"Chifu si shida, Ouma. Wale watu walikuwa wanalia. Ungeinua macho ungewaona. Wewe ukawakatiza."

Mwanangu, wewe unayeanza kupanda jukwaani, watu wakinyamaza usikimbilie kuwachekesha. Waache wahisi. Na ukimpata mtu anayeona ndani yako zaidi ya makofi unayopigiwa, msikilize hata kabla hujamwelewa. Mungu akupe mwelekezi kama wangu, na akupe moyo wa kumwamini mapema kuliko nilivyomwamini mimi.