Wino kwenye Jeneza la Mama

Mama alifariki alfajiri, hapa Garissa, na jeneza la mbao la msikiti wetu, la kubebea maiti hadi makaburini, lilikuwa limevunjika. Mimi ni fundi wa kuchomelea vyuma, kwa hiyo wazee waliniomba niunde jingine kabla ya adhuhuri. Niliunganisha mabomba upesi. Shida ilikuwa wino mweusi wa kiwandani, herufi na tarakimu zilizochapwa ubavuni mwa kila bomba. Nilisugua kwa petroli, kisha kwa thina ya kuyeyushia rangi, zikafifia tu. Nilipopiga msasa, wino ukazidi kuingia kwenye mikwaruzo. Nikapaka rangi ya kijani, na kabla haijakauka maandishi yakajitokeza tena juu yake. Nikaanza kusugua upya huku nikilia.

"Inatosha, mwanangu," mjomba alisema, akinishika mkono. "Mama yako anasubiri."

Tulimbeba hivyo hivyo. Nilishika upande wa kichwani, na njia nzima macho yangu yalikuwa kwenye jina la kiwanda nisichokijua, karibu na bega lake. Ilikuwa kazi ya mwisho ya kumfanyia mama, na sikuiweza.