Wasomaji Wasiosumbua

Mtaani walimwita Mama Jumanne, na wasiomjua walidhani ana mtoto wa kiume wa jina hilo. Hana. Ana mabinti wawili, na wote wamekataa katakata kuitwa kwa siku za wiki. Jina hilo alilipata kwa barua yake ya siasa, iliyoingia kila Jumanne asubuhi kwenye simu za watu waliokubali kuilipia mwezi kwa mwezi. Haikuwa na tangazo hata moja, la sabuni wala la benki. Mwandishi yeye, mhariri yeye, tarishi yeye.

Kabla ya hapo alikaa gazetini miaka kumi na saba akiripoti bunge. Aliondoka siku mhariri wake alipoikata habari yake nusu, kwa kuwa nusu ile ilimgusa mtu anayenunua kurasa za matangazo. Hakupiga meza wala hakulia. Alichukua kikombe chake na waya wa kuchajia simu, akashika njia. Mhariri si mtu mbaya, ni mtu aliyechoka tu, na alimsindikiza mpaka kwenye ngazi.

"Kiti chako hakikaliwi na mtu," alimwambia. "Mambo yakikushinda, rudi."

Maneno hayo yalimkaa kooni kama mwiba wa samaki. Kila mwezi ulipokuwa mgumu aliyasikia upya.

Ofisi akaifanya kwenye chumba cha kupigia pasi. Mumewe ni fundi wa mafriji, na chumba kilikuwa chake kwanza, kwa hiyo meza iligawanywa: huku kompyuta na mafaili, kule mota za friji zilizopasuliwa matumbo. Kila barua aliimaliza kwa sentensi moja, ambayo aliipenda kuliko habari zote alizowahi kuandika: "Barua hii imelipiwa na wasomaji 412, na si mtu mwingine yeyote." Idadi ilipanda na kushuka, maneno hayakuguswa.

Alikuwa na desturi pia. Kila Ijumaa ya kwanza ya mwezi aliwapigia simu wasomaji kumi, kuwashukuru na kuwauliza wanasemaje. Aliwachagua miongoni mwa wanaomwandikia: wabishi, wasahihishaji wa tarehe, na Mwalimu, mzee mstaafu aliyekuwa msomaji wake wa kwanza kabisa, ambaye alimsifu na kumkosoa kwa pumzi ileile. Waliolipa na kunyamaza hakuwapigia. Aliwaona ndio wasomaji wenye adabu, wanatoa na hawasumbui.

"Mimi friji ikinguruma siiogopi," mumewe alimwambia siku moja. "Ikinyamaza ndipo natafuta bisibisi."

Mama Jumanne akacheka, akaendelea kuandika. Wahenga walishasema kimya kingi kina mshindo mkuu, lakini nani huwakumbuka wahenga wakati mambo yanamnyookea?

Miezi miwili kabla ya uchaguzi, mtu wa ofisi ya ardhi alimletea nakala ya muhtasari wa kikao cha kugawa viwanja. Kiwanja cha karakana ya zamani ya mabasi, mali ya umma, kilikuwa kimetolewa kwa kampuni ya shemeji yake Mheshimiwa, na Mheshimiwa mwenyewe alikuwepo kikaoni, akanyoosha mkono kuunga. Mheshimiwa huyo ni mbunge wa upinzani, yule anayewauliza mawaziri maswali mpaka wanaagiza maji ya kunywa. Wasomaji wa barua walimpenda sana. Mama Jumanne naye alimpenda, hakuna haja ya kumfichia.

Aliuthibitisha muhtasari kwa watu watatu. Ulikuwa wa kweli. Hapo ndipo hofu ilipomwingia, kwa sababu wasomaji wakipungua chini ya mia tatu barua haiwezi tena kulipa kodi ya nyumba, na mafriji ya mtaani hayaharibiki kwa kasi inayotakiwa. Chini ya mia tatu kuna kile kiti. Akataka kujua wangapi watamkimbia. Wale wasemaji alishajua watasema nini, kwa hiyo kwa mara ya kwanza akawapigia walio kimya.

Wa kwanza kupokea alikuwa msichana mchangamfu.

"Barua gani, dada? Ahaa, hiyo! Nisikudanganye, sijawahi kuisoma. Tuliandikishwa wote hapa ofisini. Bosi alisema yule dada anapigana peke yake, tumshike mkono. Analipa yeye."

"Bosi wako nani?" aliuliza.

"Mheshimiwa, nani mwingine?"

Alipiga nyingine kumi na tisa. Dereva, katibu, mlinzi, mabinamu. Sauti tofauti, jibu moja. Akafungua orodha. Watu 186 walijiandikisha ndani ya wiki moja, miezi minane nyuma, mara tu baada ya barua aliyomsifu Mheshimiwa. Aliikumbuka vizuri wiki ile. Yeye na mumewe walicheza muziki katikati ya mota, na mabinti wakawaonea aibu.

Akampigia Mheshimiwa mwenyewe. Hakukana.

"Dada yangu," alisema kwa upole, "nimewahi kukuomba kitu? Hata mstari mmoja?"

Hajawahi. Na hilo ndilo lililomkaba. Alirudi akasoma barua zake za miezi minane, moja baada ya nyingine. Mheshimiwa alitajwa mara kumi na moja, zote kwa wema. Kumbe hakuna aliyemziba mdomo. Alikuwa ameuziba kwa kiganja chake mwenyewe, kwa kuwa kila alipomsifu idadi ilipanda, na kila ilipopanda alijiona mtu huru zaidi. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na yeye alikuwa ametia maji miezi minane bila kuonja. Aliona haya, akakaa na haya zake mbele ya kompyuta mpaka chai ikapoa.

"Usipoitoa hiyo habari?" mumewe aliuliza kutoka upande wake wa meza.

"Nitakuwa nimenunuliwa."

"Ukiitoa?"

"Nitarudi kwa mhariri, ninunuliwe rejareja."

Mumewe alifuta mikono kwa kitambaa, taratibu, kidole kwa kidole. "Basi angalau itoe yote," alisema.

Aliitoa Jumanne, kiwanja na wale 186 pamoja. Chini kabisa akaandika: "Barua hii imelipiwa na wasomaji 226. Kwa miezi minane sentensi hii ilikuwa ya uongo. Sikujua, kwa sababu sikupenda kuuliza."

Kufikia adhuhuri wale wa kimya walikuwa wameondoka, kimya vilevile. Hao aliwatarajia. Waliomvunja moyo ni wale wa kweli. "Umelipwa na nani?" waliandika. "Kumbe na wewe?" Jioni Mwalimu akampigia simu.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Ulichoandika ni kweli?"

"Ni kweli."

"Najua. Ndiyo maana kimeniuma. Ungesubiri uchaguzi upite."

"Na kama ni waziri ndiye aliyenyoosha mkono kile kikaoni, ungeniambia nisubiri?"

"Mimi nilikulipia unisemee, mwanangu," alisema, na sauti yake haikuwa na hasira, ilikuwa na uchovu tu. Kesho yake jina la kwanza kwenye orodha halikuwepo. Hapo Mama Jumanne alilia, kilio ambacho hakukilia siku alipoacha kazi. Wakabaki 131.

Alhamisi idadi ikaanza kupanda. 160. 210. Ijumaa asubuhi ilisomeka 320, na mumewe akaitazama mara mbili, akapiga mluzi. Mama Jumanne alihisi joto kifuani. Kumbe wapo watu wanaoutaka ukweli kama ulivyo! Kisha akakumbuka kwamba ilikuwa Ijumaa ya kwanza ya mwezi. Safari hii alianza na wasioandika chochote. Akachukua namba ya kwanza kati ya zile mpya.

"Ofisi ya Waziri wa Ardhi, habari za asubuhi, nikusaidie nini?"

Alieleza yeye ni nani.

"Ooh, mama, ni wewe? Hongera sana. Hapa tunakusoma wote. Endelea hivyohivyo."

Alikata simu, akapiga nyingine kumi, na zote zilipokelewa na watu wa wizara ileile. Aliruka majivu, akakanyaga moto. Mumewe alikuwa bado anatabasamu, na ilimbidi amwangalie likimtoka lile tabasamu. Zile namba mpya 189 alizifuta moja moja, kwa sababu mfumo ule haukuwa na namna ya kufuta kwa mkupuo, akaagiza kila mmoja arudishiwe chake. Kazi hiyo ilimla siku nzima.

Jumatatu alipanda zile ngazi na kikombe chake na waya wa kuchajia. Mhariri hakumcheka, alikuwa hata amefuta vumbi kitini.

"Siasa usiniletee," alisema. "Kurasa za michezo hazina mtu."

"Sijui hata timu moja ina wachezaji wangapi."

"Utajifunza. Na ile barua yako?"

"Inatoka kesho."

Ilitoka, na safari hii sentensi ya mwisho aliiandika akiwa kwenye kiti kile: "Barua hii imelipiwa na wasomaji 131, na mshahara ninaopewa na mhariri aliyewahi kuikata habari yangu nusu. Isomeni mkilijua hilo."