Illuminée na Posa ya Miungu wa Radi

Illuminée alikuwa fundi wa makochi pale Gisozi, Kigali, na kicheko chake kilisikika hata msumeno wa jirani ukiwa unanguruma. Alikulia Bujumbura, mtaa wa Buyenzi, ndiyo maana Kiswahili kilimteleza mdomoni kuliko wenzake wengi wa karakana. Miaka ishirini alikuwa akipeleka viti kwenye sherehe za gusaba, siku ukoo wa kijana unapokwenda kuposa, na wasemaji wa pande mbili wanachapana kwa maneno mpaka wageni wanashika mbavu. Illuminée alisimama nyuma kabisa, karibu na viti vya akiba, akijibu kimoyomoyo kabla msemaji hajafungua kinywa. Majibu yake yalikuwa makali zaidi. Lakini maiki ilikuwa ya wanaume, na hakuna aliyewahi kumuuliza.

Juni moja alipeleka kiti alichokivalisha kitambaa kipya huko Nyakabanda, kwa Rwema, kijana aliyekulia Kampala, ambaye yeye na mwenzake Ingrid, mchoraji, walikuwa wakitengeneza gemu ya kompyuta. Aliwakuta wamenuna mbele ya skrini.

"Mbona kama mmefiwa?"

"Tanti, gemu iko na shida," Rwema alisema. Walikuwa wamekusanya miungu wa radi kutoka hadithi za kale: wa Wagiriki anayejigeuza fahali, wa watu wa barafu mwenye nyundo, na wa Wayoruba mwenye shoka la makali mawili. Wote wanapanda mbinguni kwa Inkuba, radi yetu ya Rwanda, mfalme wa juu, yule ambaye bibi zetu waliogopa hata kumtaja mvua ikinyesha. "Wanapigana. Watu wanacheza dakika tano, wanachoka."

Illuminée alitazama. Majitu manne, Inkuba mwenyewe akiwemo, yalikuwa yanatwangana, cheche zinaruka. Akaanza kucheka, akaketi kwenye kiti kilekile alichokileta, akacheka tena.

"Wametoka mbali kote huko, wamefika kwa mfalme wa watu, hata kinywaji hawajapewa, ngumi! Mwanangu, hao si wapiganaji. Hao wamekuja kuposa. Inkuba ana binti?"

"Anaweza kuwa naye sasa hivi," Ingrid akasema, tayari ameshika kalamu.

Illuminée alijifunga kipande cha kitambaa begani, akaokota mguu wa kiti uliovunjika ukawa fimbo ya msemaji. "Haya Rwema, wewe ni Mgiriki. Omba binti."

"Mimi... nakuja kuomba binti."

"Karibu. Tumesikia habari zako. Ukipenda unajigeuza fahali. Sasa tuambie, leo umekuja kama mkwe, au kama ng'ombe wa mahari?"

Ingrid aliangusha kalamu. Rwema alicheka mpaka akakaa sakafuni.

Ngumi zikafutwa. Mchezaji akawa anachagua maneno, na akijibu vibaya, mbingu inammwagia mungu wake mvua. Illuminée alizungushia kuta za chumba sponji ya makochi ili sauti isivume, akarekodi wiki tatu akiwa msemaji wa mbinguni. Hata kanisani Jumapili, katikati ya mahubiri, jibu la kumpa mwenye nyundo lilimjia ("Ya kazi hiyo, au ya kupigia picha? Gisozi tunazo mia!"), ikabidi ajifanye anakohoa.

Gemu ilionyeshwa mchana katika ukumbi mmoja Masoro. Watu walipanga foleni, wakaloweshwa, wakarudi kwenye foleni. Kisha akaja Cassien, mzee mrefu, msemaji anayeitwa kwenye gusaba za nusu ya Kigali. Alishika pedi ya gemu kwa vidole viwili kama aliyepewa kuku mchafu. Mungu wake akanyeshewa. Akarudia, akanyeshewa. Mara ya tatu akasimama.

"Nani huyu anasema humo ndani?"

Rwema akamwonyesha Illuminée kwa kidole.

Cassien akakohoa, akanyoosha mabega. "Mama mwenye nyumba, nimefika kwenu nikiwa nimelowa. Mvua hii niliyobeba begani ndiyo zawadi yangu. Nipe binti."

Foleni nzima ikageuka.

"Baba, mvua ni yetu," Illuminée akajibu. "Umekuja kutuposea binti kwa maji uliyoyachota uani kwetu?"

Ukumbi ulilipuka. Watu waliacha skrini wakawazunguka, na wawili hao wakaendelea hata mwenye ukumbi akaja kuuliza kama kuna harusi. Mwishowe Cassien alifuta macho kwa leso.

"Jumamosi nampelekea kijana mmoja posa Nyakabanda," akasema. "Upande wa binti hawana msemaji. Njoo unisumbue."

Illuminée aligeuka kutazama nyuma yake, aone mzee anaongea na nani. Hakukuwa na mtu.

Alipanda pikipiki kurudi Gisozi. Dereva aliuliza tu anakwenda wapi, akajibiwa kwa maneno ya gusaba njia nzima, na kwa kucheka wakapitiliza karakana, wakaenda kugeuzia chini bondeni.