Picha ya Bibi wa Kisima

Mimi ni mtu wa kinyongo. Nalisema mapema ili msomaji asinionee huruma kupita kiasi. Ukininunia, nanuna zaidi. Ukininyamazia, nahesabu siku. Nilipopangiwa kufundisha Dirma, wilaya ya Hanang, nilikuwa kijana kutoka Morogoro, na kinyongo changu cha kwanza kilikuwa kwa yule aliyeandika barua ya kunileta huku. Mkoa wa Manyara ulikuwa bado mgeni midomoni mwa watu. Barua za nyumbani zilikuja na anwani ya Arusha, mkoa wa zamani, zikazunguka wiki tatu kabla ya kunifikia.

Chuo cha ualimu tulikuwa wanne tusioachana. Mwalimu mmoja wa kujitolea alituachia kitabu chakavu na dadu za pembe nyingi, akatufundisha mchezo wa kukaa mezani na kusimulia hadithi. Kila mchezaji anajifanya mtu fulani, mmoja anakuwa msimulizi, na dadu zinaamua nani anapona. Msimulizi nilikuwa mimi. Tulicheza hadi mlezi wa bweni akadhani tumeanzisha dini. Kisha ajira ikatutawanya: mmoja Kigoma, mmoja Newala, na dada mmoja Songea.

Huyu wa Kigoma ndiye aliyegundua kwamba kuna programu ya kompyuta yenye meza kama ile. Kila mtu anaifungua kwake, wote mnaona ramani moja, dadu zinarushwa humohumo ndani, mnaandikiana maneno, na kila mhusika ana nafasi ya picha yake. Wakati huo modemu zilikuwa zimeanza kuuzwa hata Katesh, pembeni ya sabuni na betri. Nikanunua. Laptopu yangu ya mtumba nikawa naichaji kwenye sola ya shule.

Mtandao sasa. Nilizunguka kijiji kizima na laptopu kifuani kama mtu aliyepoteza ndama, na ukashika mahali pamoja tu: kwenye kona ya zizi la jirani yangu, bibi mmoja wa Kibarbaig, mjane. Hatua mbili kushoto, hakuna kitu. Ikabidi niende kumwomba. Nikaamkia, nikaulizwa habari za kwetu, za shule, za mvua, nikajibu zote, ndipo nikasema shida yangu: nataka kukaa kwenye uzio wake kila Jumamosi saa kumi, niongee na rafiki zangu walio mbali.

"Wangapi?"

"Watatu, bibi."

"Basi ni wageni," akasema, akanitolea kigoda.

Kila Jumamosi akawa analeta vibuyu viwili vya maziwa. Cha kwangu kimoja, na kingine anakiweka chini karibu na laptopu. Nilimweleza kwamba wale hawawezi kunywa. Akasema hilo analijua, yeye si mjinga, lakini mgeni hawekwi mkavu. Hicho cha pili nilikuwa nakunywa mimi pia.

Nisifiche: nilikuwa mpweke. Walimu wenzangu walikuwa na familia, wanafunzi waliniogopa, na lugha ya pale sikuijua. Siku za wiki nilizitumia kuchora. Programu ile ilitaka kila mhusika awe na sura, na mimi sikutaka kupachika sura za Wazungu wenye mapanga. Nikawachora kwa penseli watu niliowaona Dirma. Mchungaji mmoja nikamfanya mlinzi wa daraja, muuza chumvi nikamfanya mfalme. Napiga picha kwa simu, naingiza kwenye meza. Nilitaka wenzangu wajue ninaishi na nani. Nadhani nilitaka wajue kwamba ninaishi.

Katika hadithi yetu kulikuwa na mwanamke mzee anayelinda kisima, na hakuna anayechota bila ruhusa yake. Kwa huyo nilimtaka bibi mwenyewe. Nikamwomba. Akauliza nani ataiona hiyo picha. Nikamwambia ni walewale wageni watatu.

"Sawa. Lakini wanisalimie," akasema. "Mtu haniangalii usoni akanyamaza. Hata mwizi anasalimia."

Alikuja kuchorwa akiwa amevaa sketi yake ya ngozi yenye shanga na vikuku vya shaba hadi kiwiko. Zile chale za nukta zinazozunguka macho yake zilinichukua alasiri nne. Nikikosea moja ananiambia, maana alizijua kwa vidole. Ndiyo picha bora niliyowahi kuchora maishani, sioni aibu kusema.

Jumamosi ile nikaiweka. Kwenye kioo changu ilikaa vizuri, bibi mzima mzima kando ya kisima chake. Nikasubiri. Wa Newala akaandika anataka kuchota maji. Wa Songea akauliza kama kuna njia nyingine. Wa Kigoma akaanza kumbembeleza yule mzee wa kisima kwa maneno matamu. Kuhusu picha, hakuna aliyesema neno.

"Wamenisalimia?" bibi akauliza. Alikuwa amekaa nyuma ya laptopu, amevaa vilevile.

"Ndiyo, bibi. Wamesema shikamoo."

"Marahaba," akakiitikia kifuniko cha laptopu.

Ikawa ndiyo desturi. Kila Jumamosi anavaa, anaketi, anauliza, nami naongopa. Na kila Jumamosi kinyongo changu kinaota mizizi. Nimewachorea watu wanane, tisa, kumi na wawili, hakuna hata "hongera". Nikaanza kuwa mbaya. Wakiniuliza jambo, najibu neno moja. Siku moja wa Newala alitania kwamba kisima changu kinanuka, nami nikamtumbukiza mhusika wake humo humo, akafa, bila hata kumpa nafasi ya kurusha dadu. Aliandika, "Kaka, mbona hivyo?" Sikumjibu. Hakurudi tena. Dada wa Songea alikuja mara mbili zaidi, kisha akasema mtoto anamsumbua. Nikasema moyoni, nendeni.

Tukabaki wawili, mimi na wa Kigoma. Yeye mama yake alikuwa amefariki mwaka uleule alioajiriwa, na nadhani hakuwa na mahali pengine pa kwenda Jumamosi.

Ndipo Jumatano moja akanitumia meseji. Simu nayo nilikuwa naisomea kwenye kona ileile ya zizi, nikitoka shule. Ilisema: "Hivi yule bibi wa kisima anafananaje? Hujawahi kumwelezea."

Nikapandwa na hasira. Nikajibu kwamba picha ya bibi iko mbele yake mwaka mzima, au ana macho ya mapambo?

"Picha gani? Mimi naona kivuli cha kijivu. Kichwa na mabega, basi."

"Na wengine?"

"Wote ni vivuli. Wenzetu nao waliona hivyohivyo. Tulijua ni mtandao wa huko kwako, hauwezi kusukuma picha. Tulikubaliana tusikwambie, usije ukajisikia vibaya."

 Nikaenda nyumbani kufuata laptopu, nikafungua ile programu na kuipekua kona zote. Nikakikuta. Chini ya kila picha kulikuwa na kisanduku kidogo cha kuweka tiki: waonyeshe wachezaji. Vyote vilikuwa vitupu. Msimulizi anaona kila kitu, wachezaji wanaona anachoruhusu yeye tu. Mwaka mzima picha hizo nilikuwa najionyesha mimi mwenyewe tu. Na wale niliowafukuza kwa kinyongo walikuwa wananihurumia, kila mmoja akilaumu mtandao, kama sisi sote tulivyozoea kuulaumu kwa kila kitu.

Nikawaandikia wa Newala na wa Songea kuwaomba msamaha. Wa Newala alijibu "poa tu". Wa Songea hakujibu.

Jumamosi nilikwenda zizini mbio. Bibi alikuwa ameshavaa, ameketi. Nikafungua laptopu kabla hata ya kukaa vizuri. Wa Kigoma alikuwepo tayari. Nikaweka tiki chini ya picha ya bibi, nikaandika: "Haya, mwone."

Dakika ikapita, ya pili ikapita. Picha ilikuwa nzito na Kigoma ni mbali. Kisha maneno yakaja.

"Nimemwona. Umechora vizuri sana, kaka. Lakini naomba mtoe. Mimi mama sikubaki na picha yake hata moja. Hapo kwenye kivuli nilikuwa naweka sura yake. Nilipokuuliza anafananaje, nilitamani utaje sura kama yake. Nilikuwa naongea naye pale kisimani. Ukimwacha huyu, mama simwoni tena."

Niliyasoma mara mbili. Iliniuma, siwezi kusema vinginevyo. Mtu mmoja tu aliyebaki duniani ameona ninapoishi, na anaomba pafunikwe.

"Amenisalimia?" bibi akauliza.

Shikamoo ya uongo ilikuwa tayari kwenye ulimi, kwa mazoea. Nikaimeza. "Hapana, bibi. Na zile zote za nyuma nilitunga mimi. Walikuwa hawakuoni. Nilikosea mashine." Nikamweleza yote, na alichoandika huyu wa Kigoma, na habari ya mama yake.

Aliuliza jambo moja tu. "Alizikwa huyo mama?"

"Alizikwa, bibi. Lakini picha hana."

"Basi nitoe mimi. Mwachie mama yake."

"Bibi, ile picha nimeichora..."

"Nitoe, mwalimu."

Nikaondoa tiki. Nikamwandikia wa Kigoma kwamba nimeshamtoa. Akasema asante, kisha akauliza kama mzee wa kisima yupo leo na kama anakubali kuongea. Nikaandika kwamba yupo. Tukacheza hadi jua likakaribia kushuka nyuma ya mlima, yeye akiongea na mama yake, mimi nikimjibu kwa niaba ya mama nisiyewahi kumwona. Bibi hakuondoka. Alikaa na vikuku vyake vyote, na kibuyu cha mgeni kando ya laptopu, hadi nilipoifunga.

"Leo nimevaa bure," akasema. "Hakuna aliyenisalimia. Hata wewe."

Ilikuwa kweli. Kwa haraka zangu nilikuwa nimeingia kwa mtu mzima, nikaketi kwenye kigoda chake, nikafungua mashine, sikutamka kitu. Nikasimama.

"Shikamoo, bibi."

Akaniangalia kidogo, kama anayehakikisha ni ya nani.

"Marahaba," akasema. "Habari za kwenu?"