Hesabu ya Raheli Kabla ya Frankfurt

Raheli wa Mlalo, muuza mapeasi na mwimbaji wa sauti ya pili katika kwaya ya usharika, alikuwa na ugonjwa mmoja tu: kona. Kila alipoteremka kutoka Lushoto kwenda Mombo alitapika mara mbili, moja kabla ya Soni na nyingine baada yake. Makondakta wote walimjua, wakamwekea kiti cha dirishani.

Mwaka 1993, enzi zile za ruksa, usharika rafiki wa Ujerumani ukaialika kwaya. Mwalimu Yeremia, kiongozi wao, akaisoma barua kanisani: kutoka uwanja wa ndege wa KIA hadi Frankfurt ni kilomita elfu sita na mia tano, mwendo wa saa nane.

"Saa nane ya mchana au ya usiku?" akauliza bibi mmoja.

"Siyo saa ya ukutani, bibi! Ni masaa manane, mtu yuko juu tu!"

Vigelegele vikarindima. Raheli naye alipiga vyake, kisha akalikumbuka tumbo lake. Alipofika nyumbani akachukua mkaa, akapiga hesabu kwenye ukuta wa jiko. Lushoto hadi Mombo, kilomita thelathini na tatu, mara mbili. Kwa kilomita elfu sita na mia tano, jibu likatoka: mara mia tatu tisini na nne.

"Nitafika nimebaki ganda," akamwambia mumewe, Zabron.

"Basi usiende."

"Nisiende? Thubutu! Nitatapika huku naimba."

Akanunua koti jekundu la mitumba gulioni Soni, akakusanya mifuko ya nailoni mpaka begi likavimba. Siku ya safari, mifuko miwili ikaishia njiani kabla hawajafika Mazinde. Pale KIA, binti wa ukaguzi akalifungua begi, akaduwaa.

"Shikamoo mama. Unakwenda kufungua duka?"

"Marahaba mwanangu. Nakwenda kutapika."

Binti alicheka hadi akaegemea meza.

Ndege ikapaa. Raheli alifumba macho, mfuko mdomoni, akasubiri. Akasubiri sana.

"Mwalimu, kona ya kwanza bado?"

"Dada Raheli," Yeremia akamjibu taratibu, "angani hakuna kona."

Raheli akafumbua jicho moja, kisha la pili. Chini mawingu yalitandazwa kama pamba, na tumbo lake lilikuwa limetulia tuli. Kicheko kikamtoka, kikawapata wenzake, kikawapata hata Wazungu wa nyuma ambao hawakujua kinachochekwa. Akala chakula chake, akala na cha Yeremia, akaomba mkate zaidi. Rubani alipotangaza kwamba nusu ya safari imekwisha, alisikitika. "Mbona anakimbiza hivi?"

Frankfurt walipokelewa na mama mmoja mnene mchangamfu, Klara, aliyewapakia kwenye basi dogo akaliendesha mwenyewe. Barabara ilinyooka kama uzi. Raheli, ameketi mbele na koti lake jekundu, akaanzisha wimbo. Kwaya ikaitikia, besi ikatikisa vioo. Klara hakujua neno hata moja, lakini alipiga usukani kwa viganja na kuimba "la la la" mpaka akapitiliza njia ya kuchepukia mjini kwake. Ikabidi waende mbele kilomita kumi na mbili ndipo wageuze. Hakuna aliyelalamika. Walikuwa ndiyo kwanza wamefika ubeti wa tatu.